Mnagombana kila siku kwa vitu vidogo? Angalieni saa kwanza

Niseme ukweli, mimi na mume wangu hatujawahi kugombana kwa kitu kikubwa. Hakuna aliyechepuka, hakuna aliyekula hela ya kodi, hakuna aliyeinua mkono. Lakini ulipofika mwaka wa tatu tulikuwa tumechokana kabisa, na ungetuuliza kimetokea nini hakuna ambaye angeweza kukujibu, maana kila kitu kilikuwa kidogo. Nani kaacha taulo bichi kitandani, kwanini umesoma meseji yangu saa nane umejibu saa kumi na moja, kwanini hukusema gesi inaisha, kwanini ukiongea na mama yako sauti inakuwa tamu na ukiongea na mimi inakuwa kama mtu kakukanyaga mguu. Ukivitaja kimoja kimoja mbele za watu unaona aibu, ila vikikusanyika mwaka mzima mtu anaanza kuchelewa kurudi nyumbani makusudi. Wangu alianza. Ndo nikashtuka.

Kwahiyo naandika haya kwa watu walioko hapo, wapenzi au wanandoa, mnaopendana kweli ila mnazozana kila siku. Kama kwako kuna kipigo, vitisho, unanyang'anywa simu, unafungiwa ndani, hapa sio mahali pako, na usijipe kazi ya kubadilisha namna unavyoongea ili usipigwe. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, mume au mke, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, nenda pale, ukiweza nenda na mtu unayemwamini. Hilo ni jambo lingine na ni zito. Mimi narudi kwenye taulo.

Kabla ya kuongea, andikeni

Ushauri ambao kila mtu alitupa ni kwamba mkae chini muongee. Tukakaa. Jumapili moja mchana tukaongea, na yale mazungumzo yenyewe yakawa ugomvi mkubwa kuliko wote wa wiki ile, maana kila mmoja alikuja na kesi zake kuanzia siku ya harusi. Shida ni kwamba hakuna aliyekuwa anakumbuka vizuri. Mtu anakumbuka alivyoumizwa tu, hakumbuki ilikuwa saa ngapi na yeye mwenyewe alikuwa kwenye hali gani. Kilichotusaidia, na ndo nakushauri uanze nacho, ni daftari.

Chukueni madaftari mawili madogo yale ya shule, kila mtu na lake. Kwa siku 14, kila mkikwaruzana, hata kama ni dakika mbili tu mkaacha, ukishatulia andika siku, saa, mlikuwa wapi, ilianzia kwenye kitu gani, na wewe mara ya mwisho ulikula saa ngapi na jana ulilala saa ngapi. Basi. Usiandike nani ana makosa. Hiyo sheria msiivunje kabisa, maana ukishaandika nani ana makosa daftari linageuka faili la mashtaka na siku ya kulifungua mnarudi palepale. Na msisomeane mpaka siku 14 ziishe.

Mimi nilikuwa nimeandika mara 17, yeye 12. Zile tano hata hakujua kama tuligombana, na hiyo peke yake ilinifundisha kitu, maana mimi nilikuwa nimelala nazo rohoni nikidhani ananifanyia kusudi. Lakini kubwa ni saa. Kati ya zile 17 zangu, 11 zilikuwa kati ya saa moja na saa tatu usiku. Asubuhi hakuna, Jumamosi mchana hakuna, ni masaa mawili yaleyale kila siku. Na kwenye kula, yeye alikuwa amekula mara ya mwisho saa saba mchana, hajatia kitu mdomoni tena, ametoka Kariakoo mpaka Kimara amesimama njia nzima kwenye mwendokasi na begi kalikumbatia kifuani, akishuka bado anatembea kupanda kilima. Mimi nimetoka kazini, nimepitia sokoni, nina mtoto wa homuweki, nina mboga haijachambuliwa. Watu wawili wenye njaa wanakutana mlangoni na neno la kwanza linalotoka ni "umeshanunua umeme?"

Nilipoona zile namba nilimwangalia mume wangu tofauti. Nilikuwa nimemaliza mwaka mzima naamini nimeolewa na mtu mwenye kisirani, kumbe nakutana naye kila siku kwenye saa yake mbaya, na yeye anakutana na mimi kwenye yangu.

Yenu inaweza kuwa saa nyingine. Kwa wenye watoto wadogo ni saa kumi na mbili asubuhi, gari la shule linapiga honi na soksi moja haionekani. Kwa wanaofunga, ile saa moja kabla ya futari. Wapenzi ambao hawakai pamoja mara nyingi ni saa tano usiku, mmoja bando linaisha mwingine ana usingizi, mtu anaaga haraka mwenzake anaona amekatiwa simu. Wengine hata sio saa, ni tarehe: kuanzia katikati ya mwezi mpaka mshahara uingie, au Januari yote, ada ya shule na kodi ya miezi sita zimekuja pamoja. Siwezi kukwambia yako ni ipi, ndo maana nasema andika.

Nusu saa ya mlangoni

Ukishaijua saa yenu kazi inakuwa nyepesi, hamjifunzi kuwa watu wapya, mnailinda saa moja tu. Sisi tuliiwekea sheria hii: mtu akiingia ndani, nusu saa ya kwanza hakuna swali la hela, hakuna ripoti ya mtoto kafanya nini shuleni, hakuna "ulisema utapita kwa fundi umepita?" Ni salamu, maji ya kunywa, kuoga, na kitu cha kutuliza tumbo hata kabla chakula hakijaiva. Ndizi mbivu, kipande cha mhogo, uji, chochote. Mimi nilianza kununua ndizi kila Jumatatu kwa ajili ya hiyo nusu saa tu na sidhani kama kuna hela nimewahi kuitumia vizuri kuliko ile. Na yeye upande wake akawa anakula kitu kabla hajapanda gari, mahindi ya kuchoma, karanga, ili asiingie ndani akiwa mtupu.

Kama kuna jambo la haraka kweli, mtoto anaumwa, umeme umekata, unasema kwa sentensi moja alafu unamalizia "ukishaoga tutaongea". Sio kumficha mtu, ni kumpa muda afike, maana mwili unatangulia kuingia na mtu mwenyewe anafika baadaye.

Pole sio samahani

Hapa nataka nikae kidogo, maana naona ndo penyewe.

Sisi tuna neno pole. Unajikwaa barabarani mtu asiyekujua anakwambia pole. Umechoka unaambiwa pole na kazi, umefiwa unaambiwa pole, umenyeshewa na mvua pole. Huyo anayekwambia pole hajakukwaza yeye, hajaleta mvua yeye, anakwambia tu kwamba amekuona umeumia. Samahani na nisamehe ni kitu kingine, ni mtu aliyekosa anakubali kosa. Watoto wetu tunawafundisha hayo maneno mawili mapema kabisa na hawayachanganyi. Sasa ajabu ni kwamba mkishaingia kwenye mapenzi mnayachanganya, mtu anaombwa pole anasikia kama anaombwa samahani, anaanza kujitetea.

Angalia hii, nimeiandika kwenye daftari ilivyokuwa. Nimemsubiri Mbezi stendi saa nzima juani, amefika namwambia "nimekaa hapa jua lote limeishia kichwani mwangu." Anajibu "sasa mimi ndo nimeleta foleni?" Kwa haki yake, kweli hakuleta foleni. Lakini mimi sikusema ameleta foleni, nilitaka aone lile jua. Nikamjibu "ungepiga simu basi," akasema "simu ilizima chaji, unataka niazime za watu?" na kutoka hapo tumeenda nyumbani hatuongei, siku nzima imeharibika. Sasa weka pole pale mwanzo. "Duh, pole mke wangu, jua lilikuwa kali." Mimi nishamaliza. Nitamuuliza mwenyewe foleni ilikuwa wapi, tena na yeye nampa pole yake.

Jifunze hivyo kama zoezi. Kila mwenzako akileta lalamiko, la kwanza kutoka mdomoni ni pole, na baada ya pole unanyamaza kidogo. Usiunganishe na "lakini". "Pole lakini na wewe..." hiyo sio pole. Maelezo yako yana haki ya kusikika, yatasikika dakika tano baadaye, na yatasikika vizuri zaidi kwasababu mtu anayesikiliza hana donge tena. Na kama kweli ulikosa, ulisahau, ulichelewa kwa uzembe, basi pole haitoshi, hapo sema nisamehe na useme umekosea wapi kwa jina: "nisamehe, nilisema nitapiga saa sita sikupiga." Mtu aliyekosewa akipewa pole badala ya nisamehe anaona amefanywa mjinga, na ana haki.

Wanaume mnisikilize hapa kidogo, maana nimeona wengi mnaogopa kwamba ukisema pole umeshindwa. Wewe huyohuyo kazini unampa pole mpaka bosi aliyepata ajali ya gari ambayo hukuwepo. Mpe na wa nyumbani.

Kazi zisizo na mwenyewe

Nusu nzima ya vilivyobaki kwenye madaftari yetu ilikuwa ni vitu ambavyo hakuna aliyekabidhiwa. Umeme, gesi, maji, taka, vocha ya intaneti, kulipa gari la shule. Kila mtu anadhani mwenzake kaona. LUKU inapiga kelele saa nne usiku, mnaangaliana, mmoja anaingiza zile tarakimu 20 gizani huku mwingine anamulika na simu, na kila mmoja anahema kwa hasira kwasababu anaamini ilikuwa kazi ya mwenzake. Hapo hakuna mwenye tabia mbaya, kuna kazi haina mwenyewe.

Gawaneni, na mkigawana mtu anaichukua yote. Kuona imeisha, kukumbuka, kununua, kurudisha mahali pake. Kukumbuka nako ni kazi, na ndo inayochosha kuliko zote, maana haionekani. Ukimwambia mtu "ungeniambia ningenunua" maana yake kukumbuka umemuachia yeye na wewe umebaki na kutembea tu mpaka dukani. Kwetu umeme na maji ni vyake, gesi na soko ni vyangu, vyombo vya usiku anaosha ambaye hakupika. Mtungi wa gesi nauandikia tarehe kwa maka peni siku nilipoubadilisha, sasa najua wa kilo 15 kwetu unakwenda muda gani, naweka hela pembeni kabla haujaisha. Umeme yeye ananunua wa mwezi mzima siku mshahara unapoingia. Tangu hapo LUKU haijatukosanisha hata mara moja.

Hela nayo itafutieni saa yake. Sisi ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya chai, mtoto akiwa nje anacheza. Usiku hakuna hesabu. Na kila mtu ana kiasi chake kidogo ambacho haulizwi kaenda nacho wapi, tulikubaliana kiwango na ni kilekile kwa wote wawili hata kama mishahara haiko sawa. Mtu mzima kuulizwa elfu tano imeenda wapi ni jambo linaloumiza kuliko hiyo elfu tano yenyewe.

Simu

Tiki za bluu za WhatsApp zilikuja mwishoni mwa 2014 na mimi naamini kuna mapenzi mengi yamekufa hapo. Mtu kasoma, hajajibu, unaanza kuhesabu dakika. Unaweza kuzizima kwenye mipangilio ya faragha, ila usizizime kimyakimya katikati ya mgogoro, mwenzako ataona unaficha kitu, mwambie kwanza kwanini. Kilicho bora zaidi ni kukubaliana jibu la dharura, neno moja tu. Sisi ni "naona". Maana yake nimesoma, niko kwenye kazi, nitajibu. Inachukua sekunde moja hata ukiwa mbele ya mteja.

Na msigombane kwa kuandika. Maandishi hayana sauti, "haya" ya mtu aliyekubali na "haya" ya mtu aliyekasirika zinaandikwa sawasawa, na wewe unayesoma ukiwa na hasira utasoma ile ya hasira. Meseji ya tatu ikifika bado hamuelewani, piga. Kama huwezi kupiga andika "tuongee jioni ukishapumzika" na uache kweli, usirushe maneno mengine mawili ya kumalizia.

Stetasi sasa. Mama zetu wa pwani walikuwa na kanga, mtu ana neno na jirani yake au mke mwenzie, anavaa kanga yenye fumbo anapita nayo uani, aliyetupiwa anaelewa. Ule ulikuwa utaratibu wa watu ambao hawawezi kuambiana usoni, na ulizuia ugomvi mwingi. Lakini mtu unayelala naye kitanda kimoja unamtupia fumbo kwenye stetasi la nini, tena wakalione ndugu zake na wafanyakazi wenzake? Nimelifanya hili zaidi ya mara moja na kila mara lilizaa ugomvi wa pili mkubwa kuliko wa kwanza, maana sasa sio taulo tena, ni aibu mbele za watu.

Ukishaanza

Hata mkilinda saa zenu zote kuna siku mtagombana tu, vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Hapa kuna mtu kazi yake imenisaidia sana, mwanasaikolojia wa Marekani John Gottman, wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle. Yeye na mwenzake Robert Levenson walikuwa wanakaa na wanandoa, wanawaacha wabishane huku wanawapima mapigo ya moyo, alafu wanawafuatilia kwa miaka kuona nani ameachana. Akataja vitu vinne vinavyoharibu: kumlaumu mtu mwenyewe badala ya kitendo, dharau, kujitetea, na kujifungia usimjibu mwenzako. Mbaya kuliko vyote kwa mujibu wake ni dharau.

Ukivileta kwetu unavijua vyote kwa majina. Lawama ni ile "wewe siku zote", "wewe huwa". Ukisikia siku zote imetoka mdomoni mwako jua umeshaacha kuongelea taulo, unaongelea mtu. Dharau ni kusonya, kubinua mdomo, kumwigiza sauti yake, kumtajia mama yake au kwao. Kusonya tulikufuta kabisa nyumbani kwetu, ni sheria, hata mtoto anaijua, na mimi ndo nilipata tabu kuacha kwasababu nilikuwa nasonya bila hata kujisikia. Kujitetea nimeshakieleza kwenye pole. Cha nne ni kununa.

Kununa watu wanaona ni bora kuliko kugombana, na mimi nakataa. Siku tatu mtu anapita hapa hakusemeshi, chakula anakula hasemi asante, hiyo ni adhabu, na anayepewa hajui kifungo kinaisha lini. Ila kupumzika katikati ya ugomvi ni lazima, hata huyo Gottman anasema moyo ukishapita mapigo 100 kwa dakika mtu hasikii tena anachoambiwa, na mwili unahitaji kama dakika 20 au zaidi kutulia. Tofauti ya kupumzika na kununa ni kuaga. Unasema "nimepandwa, natoka kidogo, saa tatu kamili nimerudi tumalize." Unataja saa. Na saa tatu unarudi kweli, hata kama unachorudi kusema ni "bado sijatulia, tufanye kesho asubuhi." Kwenye hizo dakika usikae unapanga majibu kichwani wala usimpigie shoga yako kumsimulia, utarudi umewaka zaidi. Tembea, oga, fua hata soksi.

Kitu kingine alichokisema ambacho kwangu kilikuwa faraja kubwa: katika matatizo wanayogombania wanandoa aliowachunguza, asilimia 69 hayana mwisho. Yanatokana na watu kuwa tofauti, na hata waliodumu wanayo. Mume wangu anapenda kufika mahali dakika ya mwisho, mimi nikialikwa saa nane saa saba niko mlangoni nimevaa. Miaka sita sasa. Kwenye harusi za watu tunaenda kila mtu kwa usafiri wake, tunakutana ukumbini, tunacheza, tunarudi pamoja. Watu wa kamati walishangaa mwanzoni, sasa wamezoea.

Ule unaorudi

Ukishatoa wa njaa, wa kazi zisizo na mwenyewe na wa simu, kwenye daftari utabaki na machache ambayo hayaelezeki. Kitu kidogo sana ila umelia, au mwenzako amekasirika kupita kiasi. Yapange pamoja uone yanafanana nini. Yangu yote yalikuwa na neno moja, "hukuniambia". Amemkaribisha mdogo wake aje kukaa wiki mbili hakuniambia, amehamisha kabati hakuniambia, amebadilisha dobi hakuniambia. Dobi jamani, na mimi nalia. Nilipokaa na daftari ndo nikakumbuka nilivyokuwa mdogo, tulikuwa tunahama nyumba bila kuambiwa, unarudi shule unakuta vitu viko juu ya Fuso na marafiki zako hujawaaga. Sikuwahi kumsimulia. Nilipomsimulia alikaa kimya muda mrefu, akasema pole, na tangu siku ile hata akitaka kununua ndoo ananipigia.

Chake kilikuwa kusemwa mbele za watu. Mimi kwetu tunataniana mezani, kwao mtoto alikuwa anatangazwa makosa yake mbele ya wageni. Kwahiyo nikisema kwa kucheka "huyu hata chai hajui kupika" wageni wanacheka, yeye ananyamaza, na wakiondoka tunagombana kwa kitu kingine kabisa ambacho hakihusiani na chai. Ningejuaje? Unauliza. Sio siku ya ugomvi, siku nyingine mkiwa mmetulia, unamwambia "juzi ulikasirika sana, nini hasa kilikuuma?" na akikujibu usibishe kwamba haikupaswa kumuuma.

Watu wa nje

Ukimpigia mama yako kila mkigombana, nyinyi usiku mmepatana, mama yako ana kinyongo mwaka mzima. Mashoga nao hivyohivyo, na grupu la WhatsApp ndo usithubutu. Wahenga walishaweka watu wa kazi hii, mshenga, somo, wasimamizi wa ndoa, watu ambao wote wawili mnawaheshimu na hawana upande. Chagueni mmoja, mkubaliane ni huyo tu, na mkienda mnaenda wote wawili. Hata sheria yetu ya ndoa, kabla mtu hajapeleka ombi la talaka mahakamani, kwa kawaida inawataka mpite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Mwende kwa msimamizi wenu mapema, mkiwa bado mnabishania taulo.

Na kama mwenzako hataki habari za daftari? Wangu wiki ya kwanza hakutaka, alisema mambo ya ndani hayaandikwi. Nikaandika la kwangu peke yangu, nikaanza na ndizi na pole bila kumtangazia kitu. Siku ya nane akauliza mbona nimepoa, nikamuonyesha ukurasa mmoja, ule wa saa tu. Alihesabu zile za saa moja usiku kwa kidole, akaniuliza kama kuna daftari lingine, hesabu ya siku 14 tukaianza upya wote wawili.

Tulirudia tena mwaka jana mwezi wa tisa, siku 14 vilevile. Safari hii nilikuwa na tano, yeye nne. Mbili ni za usiku wa Jumapili, na tumegundua ni kwasababu Jumapili tunakula mchana saa tisa alafu hatupiki tena mpaka kesho, kwahiyo wiki hii nimeanza kuacha chapati mbili za jioni kwenye hotipoti.